Barua ya wazi: Mpangieni mwananchi mchana wake wa Posta

Kwa Mstahiki Meya na Mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam, kwa Mkuu wa Mkoa, kwa wasimamizi wa Makumbusho ya Taifa na wa Mambo ya Kale, na kwa kila mwenye mamlaka juu ya kinachojengwa na kinachobomolewa katikati ya jiji.

Waheshimiwa, salaam.

Kila siku katikati ya jiji letu kuna watu wanaosubiri. Mmoja ameshuka treni kutoka Dodoma, boti yake ya Unguja ni ya saa kumi jioni. Mwingine amemaliza kliniki asubuhi, majibu ameambiwa kesho. Yupo aliyefuata cheti, akaambiwa arudi saa nane. Yupo aliyekwisha kufunga mzigo Kariakoo na basi lake linaondoka alfajiri. Wote hao wana saa kadhaa za bure ndani ya mji ambao wengine wao wameusikia tangu darasa la kwanza na hawajawahi kuuona. Wamevaa nguo safi, simu ya kupigia picha wanayo, hela ya kula wanayo. Wengi wao saa hizo wanazimalizia kwenye benchi la stendi, mkono juu ya begi, kwa sababu mji haujawapangia kitu kingine cha kufanya.

Ombi langu kwenu ni moja. Upangeni mji wa katikati, yaani Posta, Kivukoni na mitaa inayozunguka hapo, kwa kumfikiria mtu huyu. Mtalii kutoka nje anayeshushwa na gari la kampuni akiwa na mwongozaji wake ana watu wa kumshughulikia, na ni vizuri aendelee kushughulikiwa. Mimi namsemea Mtanzania anayetembea kwa miguu, mwenye elfu kumi mfukoni na mchana mmoja mkononi. Kila mwaka tunahimizwa utalii wa ndani, na tukiusikia tunafikiria Mikumi na Saadani, safari za kujipanga na kuchanga. Utalii wa ndani ulio rahisi kuliko wote unaanzia pale treni inaposimama.

Tuanze na kilichopo, maana kipo kingi na kipo karibu karibu. Tangu 2024 treni ya SGR inawashusha abiria wa Morogoro na Dodoma pale Stesheni, na kutoka hapo hadi gati la boti ni mwendo wa miguu wa mtu asiye na haraka. Mwendokasi nao tangu 2016 unafika Kivukoni. Ukiifuata Barabara ya Sokoine, bandari ikiwa mkono wako wa kulia, unapita mbele ya Boma la Kale, ambalo Sultani Majid bin Said alilijenga mwaka 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wake, alipotaka kuigeuza Mzizima, kijiji cha wavuvi, kuwa mji wake wa bara. Kuta ni za mawe ya matumbawe, mlango ni wa kuchongwa, wa Kizanzibari. Majid alifariki 1870 na ndoto yake ikaishia njiani. Wajerumani walipohamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891 jengo walilikuta, na sisi tunalo hadi leo.

Mbele kidogo lipo Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, mnara wake ukitazama bandari. Endelea, utaliona Azania Front la Walutheri na vigae vyake vyekundu. Ipo pia Nyumba ya Atiman, ya enzi ya Majid, ambayo mamia ya watu huipita kila siku bila kugeuza shingo. Jina lake ni la Adrian Atiman, mtoto aliyekamatwa utumwani huko Afrika Magharibi, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa utabibu Malta, kisha akatibu watu Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa zaidi ya miaka 60 hadi alipofariki 1956. Nani kati ya wapita njia wa leo asubuhi aliambiwa habari hiyo?

Ukikata kuingia ndani unaikuta Bustani ya Mimea iliyoanzishwa 1893, na jirani yake, kwenye Mtaa wa Shaaban Robert, Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa mwaka 1940. Humo linahifadhiwa fuvu la Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey kule Oldupai mwaka 1959, la kiumbe aliyeishi takribani miaka milioni 1.75 iliyopita. Hakuna Mtanzania aliyesoma shule ya msingi asiyelijua jina hilo. Tulilikariri kwa ajili ya mtihani. Yamo pia magari aliyoyatumia Mwalimu Nyerere, na ipo kumbukumbu ya waliouawa kwenye mlipuko wa ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998. Nimekutana na watu wazima, wakazi wa Mbagala na Gongo la Mboto, waliokuja Posta maisha yao yote na hawajakanyaga humo. Walidhani ni mahali pa wazungu na pa wanafunzi wa ziara.

Hapo ndipo penye uzito wa barua yangu, na naomba nieleze kwa kilichonitokea.

Shangazi yangu anaishi Singida vijijini. Binti yake yuko Unguja, alikuwa amejifungua, na shangazi akafunga safari kwenda kukaa na mzazi. Alikuja na dumu la lita kumi la mafuta ya alizeti, mfuko wa karanga na unga wa ulezi wa uji. Treni ilimshusha asubuhi, boti ilikuwa ya jioni. Nikamwambia, shangazi, leo unaiona Dar.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa dumu. Tuliuliza huku na kule mahali pa kuacha mzigo kwa malipo, tukaonyeshwa vidole vya kila upande. Mwishowe muuza vitenge mmoja, ambaye hatujuani hata kidogo, alilipokea dumu na mfuko akaviweka nyuma ya kaunta yake na kukataa hela. Mungu ambariki. Lakini jiji haliwezi kumtegemea muuza vitenge. Chumba chenye rafu, mtu wa kuandika risiti na bei iliyobandikwa ukutani, kimoja karibu na reli na kimoja karibu na boti, ni biashara ambayo mkiitangaza kesho watu watagombea kuiendesha.

Tulipokuwa wepesi tulitembea mpaka kwenye Sanamu ya Askari, pale Samora inapokutana na Azikiwe. Imesimama hapo tangu 1927, askari wa shaba na bunduki yake. Kwenye jiwe lake pameandikwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Shangazi aliona maandishi na kwa kuwa anajua kusoma alitaka kusoma. Sanamu iko katikati ya mzunguko wa magari. Tulisubiri, tukavuka kwa kukimbia, nikiwa nimemshika mkono, bodaboda ikitupigia honi. Akasimama karibu kabisa na jiwe, akaweka kidole kwenye herufi, akasoma kwa sauti. Maandishi yanawataja askari wenyeji wa Afrika waliopigana katika vita vya 1914 hadi 1918, halafu yanawataja wachukuzi, kwamba wao ndio waliokuwa miguu na mikono ya askari. Alipofika kwenye wachukuzi alinyamaza. Kisha akaniambia kwamba babu yake alichukuliwa kubeba mizigo ya vita hiyo, na kwamba nyumbani walikuwa wakisimuliwa jinsi alivyorudi mabega yake yamechunika, na wenzake wengi hawakurudi.

Mimi ni mtoto wa kaka yake na habari hiyo nilikuwa siijui. Niliisikia pale, nikiwa nageuka kila dakika kutazama magari.

Waheshimiwa, jiwe lile limeandikwa kwa lugha yetu na linawahusu babu zetu. Kambi ya wachukuzi wa vita hiyohiyo ilikuwa pale lilipo soko la Kariakoo, na jina la Kariakoo limetoka huko. Kwa nini mtu anayetaka kulisoma ahatarishe maisha? Chorweni pundamilia za kuvukia pande zote. Panueni kile kisahani cha katikati, wekeni benchi moja, na asubuhi za Jumapili, magari yakiwa machache, ifungeni sehemu ile kwa saa chache watu wasimame kwa utulivu.

Na majengo mengine yapeni maneno. Mengi ya kale mjini hayana hata mstari mmoja wa kumwambia mpita njia ni nini, alijenga nani, nini kilitokea ndani yake. Naomba vibao vya Kiswahili, herufi kubwa, usawa wa macho ya mtu mzima wa kawaida, na habari iandikwe na mtu anayejua kusimulia, isiwe tarehe tupu na jina la kiongozi aliyezindua. Mlimani kuna wanafunzi wa historia na wa Kiswahili wanaotafuta kazi ya kufanya likizo. BAKITA wapo wa kuhakiki lugha. Lugha nyingine ziwekwe chini yake kwa ajili ya wageni.

Tulipochoka tulitafuta pa kukaa. Mji ule una ngazi nyingi na viti vichache mno. Shangazi aliketi kwenye ngazi ya mbele ya jengo moja la ofisi, kwenye kivuli, akanyoosha miguu. Hazikupita dakika nyingi akaja mlinzi. Alimwamkia kwanza, "Shikamoo mama," halafu kwa upole akasema, "Samahani sana mama yangu, hapa hawaruhusu kukaa." Kijana wa watu hana kosa, ametumwa. Shangazi alinyanyuka akaomba radhi mara mbili. Aliomba radhi kwa kuketi kwenye kivuli katika mji mkubwa wa nchi yake.

Mnaijua historia ya mji huu kuliko mimi. Ulipangwa na wakoloni kwa kutenga: Uzunguni kule kwenye upepo wa bahari, Uhindini kwenye maduka, na Mwafrika Kariakoo. Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili watu wasichanganyike. Leo Mnazi Mmoja ni uwanja wa wote, una Mnara wa Uhuru, na watu wanakaa kwenye nyasi zake kuagana na kusubiriana. Kazi ile iliyofanyika Mnazi Mmoja haijamaliziwa upande wa pili. Mtu wa kawaida akiwa Posta bila shughuli ya ofisi anatembea kama anayetarajia kuulizwa anatafuta nini. Sheria ya kumtenga haipo tena, ila kutokuwepo kwa kiti, kivuli na choo kunamwambia jambo lilelile.

Kivuli kilikuwepo zaidi zamani. Tazameni majengo ya maduka ya Wahindi pale Samora na Mtaa wa Indira Gandhi yaliyobaki. Ghorofa ya juu imetokeza mbele, inashikiliwa na nguzo, na chini yake mtu anatembea bila jua wala mvua kutoka duka hadi duka. Mafundi wa wakati ule waliifahamu Dar. Majengo mapya ya vioo yanarudi nyuma, yanajizungushia uzio, yanaacha njia ya miguu ikiwa imeungua. Hamtaweza kuyabomoa, wala siombi hivyo, lakini vibali vya ujenzi viko mezani kwenu. Kila jengo jipya katika mitaa ya kati litakiwe kuwa na baraza la namna hiyo mbele yake. Na haya ya zamani yaliyobaki yalindwe kweli. Sheria ya Mambo ya Kale tunayo tangu 1964, na bado majengo kadhaa tuliyoyakuta utotoni leo ni mashimo ya kuegeshea magari.

Nikigusa magari, nina neno. Mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa kwenye njia za watembea kwa miguu. Hoja iliyotolewa ni kwamba njia ni ya mtembea kwa miguu. Ni hoja ya haki. Basi iwe na nguvu ileile kwa gari linaloegeshwa juu ya njia hiyohiyo kutwa nzima, likimlazimisha bibi na mjukuu wake kushuka barabarani. Aliyeondolewa pale alikuwa anauza maembe ili alipe ada ya shule. Inakuwa vigumu kumweleza kwa nini gari limebaki.

Sasa niseme la choo, na naomba msilipite haraka kwa sababu ya aibu.

Shangazi hakunywa maji. Jua la Dar mnalijua, na jasho lake mnalijua. Nilikuwa na chupa ya maji baridi, kila nikimpa anaipokea, analowesha midomo, ananirudishia. Nilidhani hana kiu. Tulipokaa kula ndipo akaninong'oneza, "Mwanangu, nikinywa nitakwenda wapi?" Alikuwa ameamua kukaa na kiu kuanzia aliposhuka treni mpaka atakapopanda boti. Nimeuliza wanawake wengine baada ya siku ile, wafanyakazi wa maduka, wauza vocha, akina mama wanaosindikiza wagonjwa, na nimeambiwa jambo hilohilo bila kushangaa: ukija mjini, usinywe. Wapo wenye presha, wapo wenye sukari, wapo wajawazito. Wanakausha miili yao makusudi kwa sababu mji wa watu 5,383,728, kwa sensa ya 2022, haujawaonyesha mlango wa kuingia.

Kwenye vichochoro vyetu pameandikwa kwa rangi, "Usikojoe hapa," pamoja na faini yake. Maandishi hayo yamejaa mji mzima. Yanayosema choo kiko wapi ni ya kutafuta kwa tochi. Ukiingia mgahawani unaambiwa ni cha wateja, nao wana haki, maji wanalipia wao. Wananchi hawataki cha bure. Stendi wanalipia, sokoni wanalipia, na wanaona sawa. Naomba vyoo vya kulipia vilivyo safi, vyenye maji muda wote, sabuni, mlango unaofungwa kwa ndani, chumba cha mwenye kiti cha magurudumu na mahali pa mama kumbadilisha mtoto, na mshale wa kuonyesha kutoka kila kona kubwa. Vikundi vya akina mama na vijana vinaomba mikopo ya halmashauri kila mwaka. Vipeni viendeshe, kwa mkataba wenye masharti ya usafi, na atakayeshindwa apewe mwingine. Msijenge kimoja cha kuzinduliwa kwa utepe kisha kikafungwa kwa kufuli mwezi wa tatu. Tumeviona vya namna hiyo.

Chakula ni furaha tupu, na hapa nataka mjue mna hazina mkononi. Nyuma ya maofisi kuna wali maharage wenye kipande cha samaki na tembele pembeni, kuna pilau siku ya Ijumaa, kuna ndizi nyama. Kisutu na Uhindini kuna bajia, kachori na chatne ya nazi, mapishi ya familia ambazo zimekaa mitaa ile vizazi na vizazi. Jioni kahawa chungu na kashata. Ningeweza kumpeleka shangazi popote. Nilimpeleka Feri, kwenye soko la samaki, kwa sababu mtu wa Singida anamfahamu samaki aliyekaushwa, na nilitaka aone samaki anavyotoka baharini.

Aliona. Alisimama kwenye mnada akimsikiliza dalali anavyopandisha bei, akaona changu na kolekole wakiwa bado wanang'aa, akaona vijana wanavyopara magamba bila hata kutazama mikono yao. Alimwona pweza kwa mara ya kwanza maishani. "Huyu naye analiwa?" Muuzaji akamnyanyua mkono mmoja mrefu ukaning'inia, akajibu, "Bi mkubwa, huyu ukimla leo kesho utamfuata mwenyewe." Shangazi alicheka hadi akashika nguzo. Tulichagua kolekole, akaparuliwa, akachanjwa, akapakwa chumvi na ndimu, akazamishwa kwenye karai kubwa juu ya moto wa kuni. Tulimla na ugali, kachumbari na pilipili ya kupikwa.

Mama lishe aliyetuhudumia alitunawisha kwa ndoo yenye koki, sabuni ya maji pembeni. Sahani zake zilikuwa zinateleza kwa usafi. Kilichomshinda ni jua. Alikuwa na turubai dogo, na kila kivuli kilipohama alituomba tunyanyuke, akalisogeza benchi, tukakaa tena. Alifanya hivyo kwa wateja wake wote, huku anapakua, huku anapokea hela, huku anakumbuka nani aliomba mchuzi. Nilimwuliza kwa nini asijenge kibanda cha maana. Akasema anaogopa kuweka hela mahali ambapo hajui ataambiwa ahame lini.

Huyu ndiye mwenyeji wa jiji lenu. Mgeni akirudi Singida atamsimulia huyu. Mpeni paa la kudumu, bomba la maji, mfereji wa maji machafu, pipa la taka linalozolewa kila siku, na karatasi yenye namba yake na miaka yake. Afya wakague jikoni kwake kila mwezi, hilo yeye mwenyewe atalipenda. Kando ya maji pale, kutoka Feri kuelekea Barabara ya Barack Obama, upepo ni wa bure na bahari iko wazi. Meza ndefu za saruji chini ya miti, wapishi waliosajiliwa, taa za jioni. Watu watakuja wenyewe.

Baada ya chakula tulipanda kivuko kwenda Kigamboni na kurudi. Kwa mtembea kwa miguu nauli haifiki bei ya soda, na ukiwa katikati ya mlango wa bandari unauona mji mzima umejipanga ukingoni, minara ya makanisa na magorofa nyuma yake, meli za mizigo zikisubiri. Shangazi alisimama kwenye chuma cha pembeni njia nzima. Sina la kuwaomba hapo zaidi ya kibao kimoja pale Magogoni cha kumwambia mgeni kwamba safari hiyo ipo na inachukua dakika chache.

Ninajua mtaniambia nini. Mtasema Jangwani inajaa maji kila mvua kubwa, takataka hazijaisha, shule zina msongamano, na mtu anakuja kuomba mabenchi. Mimi pia nakaa Dar, nalipia daladala, nakanyaga tope lilelile. Lakini vitu ninavyoviomba gharama yake haifiki ya mita chache za barabara ya juu, na vingi vinajirudishia hela. Treni imeshajengwa kwa matrilioni. Daraja la Tanzanite limeshajengwa. Watu wameshafikishwa mjini. Kilichobaki ni kuwapokea, na hiyo ndiyo sehemu ya bei nafuu. Tena tumepewa kuandaa AFCON ya 2027 pamoja na Kenya na Uganda, na nina hofu kwamba mtapaka rangi na kupanda maua wiki ya mwisho kwa ajili ya kamera. Mkijenga kwa ajili ya shangazi yangu, wageni wa mpira nao watakuwa wamepata.

Kwenu wa Makumbusho ya Taifa ninalo ombi la peke yake. Tengeni mchana mmoja kila wiki wa mwananchi mpita njia: kiingilio kidogo kabisa au hakuna, na mwongozaji wa Kiswahili anayeanza mzunguko kwa saa zilizobandikwa mlangoni, mizunguko ya dakika arobaini kwa mtu mwenye boti ya kuwahi. Bandikeni tangazo hilo Stesheni na kwenye gati, mahali ambapo mtu amekaa bila la kufanya na anasoma kila kitu kilichobandikwa ukutani. Sisi tuliikosa nafasi hiyo. Tulipita nje ya uzio, nikamwonyesha shangazi jengo, nikamweleza Zinjanthropus ni nani. Aliniuliza kama na sisi tunaruhusiwa kuingia. Nilimjibu ndiyo, lakini saa ya boti ilikuwa imekaribia.

Naomba mambo mawili yaanze mwaka huu wa fedha, mengine yafuate kwa utaratibu wenu. La kwanza ni vyoo vitatu: kimoja kati ya Stesheni na boti, kimoja Posta Mpya, kimoja Kivukoni. La pili ni miti. Ipandwe masika yajayo, miarobaini na mikungu, kuanzia Stesheni hadi Feri, kila mti uwe na mtu anayelipwa kuumwagilia kiangazi cha kwanza, maana miche mingi tunaipanda kwa picha na kuizika Januari. Nakala ya barua hii nitaileta masjala mwenyewe nipewe namba ya kumbukumbu, na nitakuja kikao cha Baraza la Madiwani kinachoruhusu wananchi kusikiliza. Ningependa siku hiyo nisikie mtaa ambapo choo cha kwanza kitajengwa, na jina la ofisi itakayokuwa na ufunguo wake.

Ni mimi,
mkazi wa Tabata